Mbona Sungura Hajikuni?

Nahashon Musembi alikuwa dobi wa hoteli huko Watamu. Alifua shuka za wageni, taulo za wageni na aproni za wapishi. Jioni alirudi nyumbani kwake Muyeye, Malindi, ngozi ya vidole imekunjamana kwa maji. Alivua viatu, akanywa chai, kisha akakohoa. Mtaa mzima tulijua maana ya kikohozi kile.

"Mwikali! Lete kiti. Lete na gazeti."

Mwikali alikuwa binti yake, yuko darasa la nne. Alipanda juu ya kiti pale kibarazani, akafungua gazeti, akasoma. Na alisoma, jamani! Sauti ilifika mpaka bombani, kule wanawake walikopanga ndoo zao. Hakugugumiza. Hakurudi nyuma. Alisoma habari za bunge, akasoma bei ya samli, akasoma tangazo la dawa ya kikohozi, na mwisho akasoma jina la mpiga chapa. Yote kwa sauti moja, wala hakupumua. Tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, maana nilikaa nyumba ya pili na redio yangu ilikuwa imekufa.

"Huyu si mtoto," Nahashon alisema. "Huyu ni stesheni!"

Ng'ambo ya njia alikaa Bi Mwanasiti, mama mtu mzima kutoka Lamu. Alikaanga viazi karai jioni, na hakujua kunyamaza. Siku moja Mwikali alipomaliza kusoma, Bi Mwanasiti aliuliza.

"Mwanangu, Mungu akuhifadhi kwa sauti hiyo. Hebu niambie. Huyo ng'ombe aliyepotea, alipatikana?"

"Ng'ombe gani, bibi?" Mwikali aliuliza.

"Huyo uliyemsoma sasa hivi."

Mwikali aligeuza gazeti, akatazama upande wa nyuma, labda ng'ombe amejificha huko. Hakumwona.

"Sijui, bibi. Mimi nilikuwa nasoma tu."

Watu waliangua kicheko. Nahashon hakucheka hata kidogo.

"Bi Mwanasiti," alisema, "kazi ya mtoto ni kusoma. Ng'ombe atatafutwa na mwenyewe."

Basi mambo yakaendelea hivyo mpaka shule ilipotoa matokeo. Ilikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa themanini na sita. Mwikali alikuwa wa kwanza katika kusoma kwa sauti. Lakini katika ufahamu, yaani kusoma habari kisha kujibu maswali yake, alikuwa karibu na mkia. Swali moja liliuliza, "Kwa nini Kavumbi aliuza baiskeli yake?" Mwikali alijibu, "Baiskeli."

Nahashon alikaa na karatasi ile mpaka chai ikapoa. Kisha akapata sababu. Alikuwa mtu wa kupata sababu upesi.

"Ni lile darasa lao," alimwambia mkewe, Jedida. "Limepoa. Mimi hupita pale shuleni siku yangu ya mapumziko. Sisikii kitu! Wakati wetu watoto walisoma mpaka ng'ombe wanainua vichwa malishoni."

"Sasa utafanya nini?" Jedida aliuliza.

"Nitampeleka Kibwezi kwa mama yangu. Shule ya kule mwalimu akisema someni, mlima unaitikia. Atarudi hapa akimaliza la nane."

"La nane! Baba Mwikali, huyu mtoto hajalala mbali nami hata siku moja."

"Atazoea."

Jedida aliingia jikoni, akalia. Alipoulizwa, alisingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Mwikali aliyasikia yote nyuma ya pazia. Alimpenda susu Nduku, nyanya yake wa Kibwezi, tena sana. Lakini kwa susu ni mahali pa kutembelea, si pa kuhamia. Angeamkaje asubuhi asione uso wa mama yake? Na alijua wazi kosa ni lake. Tatizo ni kwamba hakujua kosa lenyewe ni lipi.

*

Ijumaa Nahashon hakwenda kazini. Alivaa koti lake zuri, akaenda shuleni kumtoa mtoto.

Alifika nje ya darasa la nne, akasikiliza. Kimya. Hata chafya haikusikika.

"Nilijua," alijisemea. "Mwalimu hayupo, watoto wamelala."

Alichungulia dirishani. Mwalimu alikuwapo. Alikuwa Mwalimu Hindu Aboud, msichana wa Lamu aliyehamia shule ile mwanzoni mwa muhula. Watoto nao walikuwapo, wamekaa makundi makundi, wameinamia vitabu. Hawakuwa wamelala. Midomo ilikuwa imefungwa na macho yanatembea. Nahashon hakuwahi kuona jambo kama lile, akaogopa kidogo.

Ghafla darasa zima lililipuka.

"Nimeona! Nimeona!" alipiga kelele msichana mmoja aitwaye Easter. "Ni Kache aliyeharibu mchicha!"

"Mimi?" Kache alisimama, mikono kiunoni. Alikuwa mtoto wa mtaa wa Barani, mdogo wa umbo, mkubwa wa maneno. "Nilipanda mbegu zangu vizuri kuliko nyinyi nyote!"

"Ulizizika kama maiti!"

"Mstari uko wapi?" Kache aliuliza.

"Mstari uko wapi?" darasa zima likaitikia.

Easter aliweka kidole kwenye kitabu. "Huu hapa. 'Mbegu za mchicha ni ndogo. Zinyunyizwe juu juu na kufunikwa udongo kidogo tu.' Kache alichimba shimo, mkono ukazama!"

Kache alisoma mstari ule. Akausoma tena. Akakaa.

"Haya," alisema. "Lakini mngeniambia mapema."

Mwalimu Hindu alicheka, akamwona Nahashon dirishani, akatoka nje.

"Karibu, Baba Mwikali. Hujambo?"

"Sijambo, Mwalimu. Nimekuja kukuarifu kwa heshima. Jumatatu mimi na Mwikali tunapanda basi la Kibwezi. Anahama shule."

Mwalimu alishtuka. "Kwa kosa gani?"

"Mtoto wangu ni msomaji. Umemweka kwenye darasa la mabubu. Tena hamsomi, mnagombana habari za mchicha."

"Tunasoma, Baba Mwikali. Tena wanasoma kuliko zamani. Mwaka huu shule zimeambiwa zifundishe na kilimo. Walipanda mchicha, haukuota. Sikuwaambia sababu. Niliwaambia, hilo ni tatizo lenu, litatueni. Kwanza mseme mnajua nini. Pili mseme hamjui nini. Kisha ingieni kitabuni mkatafute. Na mtu akisema amepata, wenzake wanamuuliza mstari uko wapi."

"Na huo ndio ufahamu?"

"Huo huo. Mtoto nikimpa habari tu, anasoma ili amalize. Nikimpa kwanza tatizo linalomkera, anasoma ili ajue. Hapo hawezi kuruka mstari, maana pengine jibu limo humo humo."

Nahashon alifikiri. "Na Mwikali wangu?"

Mwalimu alipunguza sauti. "Nisikufiche. Mwikali anasoma kwa mdomo. Ulimi unakimbia, akili imekaa kando inasikiliza jinsi sauti ilivyo tamu. Katika kundi wenzake wanatafuta jibu, yeye anamaliza ukurasa na kungoja makofi."

Neno lile lilimchoma Nahashon. Makofi yale ni yeye aliyeyatafuta.

"Jumatatu tunaondoka," alisema.

"Basi nipe Jumamosi na Jumapili."

"Siku hizo hakuna shule, Mwalimu."

"Najua. Ndiyo maana nitakupa sungura."

Nahashon alidhani hakusikia vizuri. Lakini alikuwa amesikia. Ofisi ya kilimo ilikuwa imeiletea shule sungura jike mweupe, na watoto wakamwita Bi Harusi. Banda lake lilikuwa linaezekwa makuti mapya, kwa hiyo alihitaji mahali pa kukaa. Mwalimu alimwita Mwikali pamoja na Kache, akawapa sungura ndani ya sanduku la mbao, na kijitabu cha kufuga sungura.

"Mtazameni vizuri," aliwaambia. "Mkiona jambo msilolielewa, mimi sipo. Mnajua cha kufanya. Jumatatu asubuhi, kabla ya basi, nataka mniambie jambo moja mliloliona na mstari unaolieleza."

Nahashon alifika nyumbani amebeba sanduku kichwani, koti limejaa nyasi. Jedida alimtazama.

"Mtoto umemtoa shule?"

"Nilikwenda kumtoa mtoto," Nahashon alisema, "nikapewa sungura."

Jedida alicheka kwa mara ya kwanza tangu matokeo yatoke. Kisha akakumbuka Jumatatu, akaacha.

*

Jumamosi asubuhi Mwikali alikwenda nyuma ya nyumba kumpa Bi Harusi majani. Alifunua sanduku, akapiga yowe.

Manyoya yalikuwa yametapakaa kila mahali. Na Bi Harusi, aliyekuja amependeza, alikuwa uchi kifuani na tumboni!

Majirani tulikimbia wote. Nahashon alikuja na mswaki mdomoni, maana siku hiyo zamu yake kazini ilikuwa ya mchana. Kache naye alikuwa ndio kwanza anafika kutoka Barani.

"Lahaula!" alisema Bi Mwanasiti. "Huyu ametupiwa kijicho. Mnyama mweupe vile, mnampitisha barabarani mchana kweupe! Ngojeni nilete chetezo, nimfukizie ubani."

"Ubani wa nini?" alisema mzee Phineas, mlinzi aliyepanga chumba karibu na bomba. "Mchinjeni sasa hivi kabla hajakonda. Mimi nina chumvi."

"Hachinjwi mtu hapa!" Jedida alisema. "Huyu ni wa serikali. Mwikali, mwalimu alikupa kitabu. Soma!"

Nahashon alitema povu. "Sawasawa! Lete kiti!"

Kiti kikaletwa. Mwikali alipanda, akafungua kijitabu popote kilipofunguka, akaona neno "manyoya". Akavuta pumzi.

"'Upele! Sungura mwenye upele hunyonyoka manyoya! Hujikuna kutwa kucha! Ukoko hutokea masikioni na puani! Upele wa sungura huweza kumwambukiza mtu! Mwite afisa wa mifugo! Ukurasa wa tisa!'"

Tulipiga makofi. Tulishazoea.

Lakini Nahashon hakupiga. Alisimama na mswaki wake, uso umebadilika.

"Humwambukiza mtu?" aliuliza polepole. "Jana nilimbeba kichwani. Leo mchana nitashika shuka za hoteli. Mgeni mmoja tu akijikuna, mimi sina kazi!"

"Kitabu kinasema aitwe afisa," Jedida alisema.

"Afisa wa Jumamosi utampata wapi? Mimi nina miaka kumi nafua. Nimetoa madoa ya divai, madoa ya mafuta na madoa ambayo hata sikuuliza yametoka wapi. Upele utanishinda? Mama Mwikali, bandika maji! Lete karai, lete sabuni ya unga, lete na buluu!"

"Buluu ya nini?"

"Si mweupe? Atang'aa!"

Jedida akabandika maji, hana hakika. Nahashon alikunja mikono ya shati, akatafuta brashi. Bi Mwanasiti alirudi na chetezo kinafuka. Phineas alikaa kwenye jiwe, anangojea washindwe.

"Mwikali na Kache," Nahashon aliagiza, "nendeni mkamlete mgonjwa."

*

Nyuma ya nyumba, wale watoto wawili waliinamia sanduku. Bi Harusi alikuwa na shughuli nyingi. Alikuwa ameshika nyasi kavu mdomoni, zimetokeza huku na huku.

"Tazama!" Kache alisema. "Ameota masharubu."

Sungura alizipeleka nyasi pembeni, akazipanga. Kisha akainama, akang'oa manyoya ya tumboni kwa meno yake mwenyewe, akayaweka juu ya zile nyasi. Akarudi kuchukua nyingine.

Mwikali alitazama. Alitaka kumnyanyua, lakini mikono ilisita.

"Kache, umemwona akijikuna?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Kwani vipi?"

"Nilisoma kwamba mwenye upele hujikuna kutwa kucha. Mbona huyu hajikuni?"

"Labda mvivu."

Mwikali aliingiza kichwa ndani ya sanduku. Masikio safi. Pua safi, inachezacheza. Ukoko haupo.

"Mstari mmoja unamfaa," alisema. "Mistari mingine haimfai. Kache, nimesoma mahali sipo!"

"Basi soma penyewe! Baba yako anakuja na buluu!"

Jambo lililofuata lilikuwa dogo kulitazama. Mwikali aliketi chini mchangani na kijitabu mapajani. Hapakuwa na kiti, wala watu wa kumsikiliza. Alikuwa na swali, na swali lilikuwa linamuuma. Kwa nini sungura ajinyonyoe mwenyewe kisha atandike manyoya yake? Alianza kusoma kwa sauti, sauti ikamsumbua, akainyamazisha. Alisoma majina ya majani ambayo sungura hula. Si hapa. Alisoma habari za banda. Si hapa. Alifika mahali, akaona maneno "hunyonyoa" na "kwa meno". Alirudi nyuma, akasoma tena polepole. Akamtazama sungura. Akakitazama kitabu. Akamtazama sungura.

"Mama yangu!" alisema.

"Maji tayari!" Nahashon alipaza sauti jikoni. "Yuko wapi maiti? Namaanisha mgonjwa!"

Alitokea amebeba karai, povu limejaa, rangi ya bahari. Mtaa mzima tulikuwa nyuma yake. Kache alifunika sanduku haraka, akakalia kifuniko.

"Ondoka hapo, mtoto," Nahashon alisema.

"Siondoki, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Ondoka!"

"Baba, usimwoshe!" Mwikali alisimama mbele ya karai. Hakuwa amewahi kumzuia baba yake jambo lolote. "Tafadhali, baba. Nilikosea. Hana upele."

"Si ulisoma mwenyewe?"

"Nilisoma pasipo pake. Sasa nimepata penyewe."

"Haya, leteni kiti. Soma kwa sauti tusikie."

"Sisomi, baba. Ninakuambia."

Watu tulitazamana. Hatujawahi kumsikia Mwikali akisema neno la kitabu bila kitabu.

"Mwenye upele hujikuna," alisema. "Huyu hajikuni, mimi na Kache tumemtazama. Mwenye upele ana ukoko masikioni. Huyu masikio yake ni safi. Manyoya hayakudondoka, ameyang'oa yeye kwa meno yake, tena ya kifuani na tumboni tu. Anayatandika kwenye nyasi. Anatengeneza kitanda, baba. Atazaa! Labda leo. Na kitabu kinasema sungura haogeshwi. Ukimtia majini anaweza kufa, na watoto wake watakufa naye."

Machozi yalimtoka aliposema hivyo. Hakuyafuta.

Nahashon alisimama na karai lake. Povu lilikuwa linapasuka taratibu.

"Umejuaje yote hayo?"

"Nimesoma."

"Sikusikia ukisoma."

"Nimesoma kimya."

"Kimya?" Nahashon alitugeukia sisi majirani, kama mtu anayeomba msaada. Hatukuwa nao. Akatafuta neno, akakumbuka lile alilolisikia darasani.

"Mstari uko wapi?"

Mwikali alinyoosha kijitabu mbele. Nahashon mikono imejaa karai. Basi Jedida akakipokea. Jedida alikuwa mwanafunzi wa ngumbaru, lile darasa la watu wazima, na kusoma kwake kulikuwa kwa mwendo wa kobe. Aliweka kidole.

"'Su-ngu-ra ji-ke a-na-ye-ka-ri-bi-a ku-za-a...'" Alisimama, akarudi. "Anayekaribia kuzaa. 'Hu-nyo-nyo-a ma-nyo-ya...'" Alisimama tena. Aliinama, akamsukuma Kache kwa upole, akachungulia ndani ya sanduku. Alipoinuka, macho yalikuwa yamemtoka.

"Baba Mwikali! Huyu ni mja mzito! Wewe unataka kumfua?"

Weee! Wanawake wote wa Muyeye tulimgeukia Nahashon kwa pamoja.

"Mja mzito na brashi!" alisema Bi Mwanasiti. "Wallahi, wanaume hamna haya!"

"Nawe ulileta moshi," Nahashon alijitetea.

Bi Mwanasiti alikificha chetezo nyuma ya mgongo. Mzee Phineas aliinuka kwenye jiwe, akakumbuka kazi nyingine, akaondoka na chumvi yake.

"Sasa tufanye nini?" Nahashon aliuliza. Nilimsikia kwa masikio yangu. Alimuuliza binti yake, tena kwa sauti ya mtu asiyejua.

"Anataka nyasi kavu zaidi, maji ya kunywa na kivuli," Mwikali alisema. "Na asisumbuliwe. Kelele humtia hofu."

Nahashon aliweka karai chini. Alileta nyasi, akaweka bakuli la maji, akafunika sanduku kwa gunia upande wa jua. Kisha akasimama mbele yake, mikono kifuani.

"Ondokeni," alitunong'oneza. "Hamkusikia? Asisumbuliwe. Bi Mwanasiti, hata wewe, punguza pumzi."

Mtu yule yule aliyetaka mlima uitike! Alikaa pale mpaka saa ya zamu yake, anafukuza kuku, anafukuza watoto, anamfukuza hata muuza maji asigonge pipa lake. Alipokwenda Watamu, alimwachia Jedida ulinzi.

Jumapili alfajiri Mwikali alinyanyua gunia kidogo. Katikati ya kitanda kile cha manyoya kulikuwa na vitu vyekundu, vidogo, vimelala vimeshikana. Havikuwa na unyoya hata mmoja, na macho yamefumba. Nahashon alipiga magoti mchangani na nguo zake za kanisani.

"Kama angekuwa hana manyoya yale," alinong'ona, "hawa wangelala juu ya nini?"

Mwikali aliona baba yake ana machozi. Akamshika mkono.

*

Jumatatu asubuhi walikwenda shuleni wote watatu. Jedida alikuwa amebeba begi la Mwikali, limefungwa tayari, maana Nahashon hakuwa amesema neno na Jedida aliogopa kumuuliza. Njia nzima alilishika lile begi kwa mikono miwili.

Mwalimu Hindu aliwakaribisha ndani. Mwikali na Kache walisimama mbele ya darasa. Walieleza walichokiona, na walivyokosea kwanza kwa kusoma upele. Walieleza swali lililowarudisha kitabuni. Kila walipotaja jambo, wenzao walidai mstari, na Mwikali akauonyesha kwa kidole. Darasa lilicheka mpaka likachoka habari za buluu. Nahashon alijifanya anatazama dari.

"Mmefanya vizuri," Mwalimu alisema. "Na kosa lenu la kwanza ndilo linalokosewa na wengi. Mtu akiona neno moja analolijua, anadhani amefika. Msomaji anauliza, je, na maneno mengine yote yanakubali?"

Kisha akamgeukia Nahashon. "Baba Mwikali, basi lenu linaondoka saa ngapi?"

Jedida alitazama sakafu.

Nahashon alikohoa. "Mwikali," alisema, "wasomee... hapana. Waambie ule mstari wa watoto wachanga."

Mwikali aliwageukia wenzake. "Watoto wachanga wa sungura wasitengwe na mama yao kabla ya wakati. Hawatastawi."

"Huo," Nahashon alisema. "Uliniambia jana, nami nimekuwa nao usiku kucha." Alimtazama mkewe, akalitazama na begi. "Mwalimu, mimi si mtu wa kusoma sana. Lakini huo nimeuelewa. Huyu haendi popote."

Jedida aliliachia begi, likaanguka kishindo. Mwikali alimrukia baba yake shingoni mbele ya darasa zima, na Kache akaanza kupiga makofi, akanyamazishwa na Nahashon mwenyewe.

"Hakuna makofi," alisema. "Ulizeni maswali."

Mwishoni mwa muhula matokeo yalitoka tena. Nahashon aliikimbilia karatasi ya ufahamu kabla ya zote. Mwikali hakuwa wa kwanza, lakini alikuwa amepanda mpaka kwa wale wa mbele. Alikosa swali moja tu.

"Hili umelikosaje?" Nahashon aliuliza.

"Waliuliza mzee alifika sokoni lini," Mwikali alisema. "Niliandika asubuhi, kwa sababu mstari wa kwanza unasema alitoka asubuhi. Lakini mstari wa tatu unasema njia ilikatwa na maji akalazimika kuzunguka kutwa nzima. Nilipaswa kuandika jioni. Nilisimama mapema."

Nahashon alisoma mstari wa kwanza kwa kidole, midomo imefumba. Akashuka hadi wa tatu. Ilimchukua muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha.

"Mama Mwikali!" alimwita mkewe, furaha imemjaa. "Njoo uone! Mtoto wetu hata akikosa, anajua alikosea wapi!"